Tawi la Mwiki

Kabla sijauza hata chapati moja pale Makongeni, nilimwita fundi wa rangi aandike kwenye kibanda changu: "Makao Makuu. Matawi: Ruiru na Mwiki." Jiko lilikuwa moja, tena la kuazima.

Wiki ya pili, mama mmoja mteja wangu akaja amefura.

"Nilienda kwa dada yangu Mwiki, nikatafuta hilo tawi mpaka miguu ikavimba. Ai, liko wapi?"

Akaokota kipande cha makaa jikoni, akayakata yale matawi kwa mstari, akaandika chini yake: "Chapati thelathini kabla ya saa nne."

Nilikasirika, lakini sikufuta. Siku nilipofikisha thelathini saa tatu na nusu, nilimwonyesha kwa maringo, nikampa chapati moja.

Akatafuna, akameza.

"Sasa andika thelathini na tano. Mwiki ingoje."