Mpira wa Chini wa Rejeta

Pikapu niliinunua Madimba, bodi tupu chini ya banda la makuti pembeni mwa mikorosho. Haikuwa na injini wala rejeta. Aliyeniuzia, mkulima wa makamo, alisema ilikuwa ya kaka yake. Mimi ni mtu wa bara, nafanya kazi bandarini Mtwara, na kwa muda mrefu nilitamani gari la kuunga kwa mikono yangu. Injini ya dizeli niliipata mjini, kwenye basi dogo lililopinduka likauzwa vipande vipande.

Siku fundi wangu alipoishusha ile injini kwenye chesisi, matundu ya bolti yalikaa sawa. Hakutoboa hata moja.

"Kuna mtu alishaifanya kazi hii," alisema.

"Si afadhali? Tumeokoa siku mbili."

Aliingiza kidole kwenye tundu moja, akalipapasa, kisha akaenda kunawa mikono.

Kilichotushinda ni mpira wa chini wa rejeta. Wa juu ulipatikana siku hiyo hiyo. Wa chini ulitakiwa uzunguke boksi la usukani, halafu upande ghafla kufikia pampu ya maji, na huo haufai kubahatishwa. Pampu huvuta maji kupitia humo. Ukiwa laini unanywea, na injini inachemka. Fundi alikunja waya mnene kufuata njia ya mpira, akanipa niwe nao kama kipimo. Nilizunguka nao maduka yote ya spea. Wauzaji walipima, wakatikisa vichwa. Mmoja akanielekeza kwa mama aliyeuza mipira iliyotumika, kwenye njia ya kwenda Mnazi Bay.

Nilifika kwake Jumamosi asubuhi. Mipira ilining'inia kwenye kamba uani, kama pweza walioanikwa. Mama mwenyewe alikuwa mkekani anachambua choroko.

"Hodi. Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Macho yake yalikuwa kwenye waya. Aliinuka akaingia ndani, akatoka na waya mwingine uliokwisha kuliwa na kutu. Akanipokonya wangu taratibu, akazilaza nyaya zote mbili mkekani, mmoja juu ya mwingine. Zililingana kila kona.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama. Fundi wangu kaukunja juzi."

"Gari gani?"

Nilipomwambia, akakaa. "Marahaba," alisema, kama vile salamu yangu ndiyo kwanza imemfikia.

Miaka kadhaa nyuma, alinieleza, alikuja mtu na pikapu ya namna hiyo, injini ya dizeli ya kupachika. Mpira wake wa chini ulikuwa umepasuka, kaufunga kwa vipande vya tyubu. Alimwachia mama waya, akasema anaelekea kwenye mdomo wa Ruvuma kuchukua samaki, akirudi atapitia mpira. Mama aliutafuta mchana kutwa akaupata. Yule mtu hakurudi. Gari lilikutwa kule mchangani, boneti iko wazi, rejeta kavu.

"Alikwenda kuteka maji," mama alisema. "Nyayo zake waliziona zinaingia mtoni, na waliziona zinatoka. Ndoo ilikuwa katikati ya njia, imejaa, imesimama wima. Kupita hapo hakukuwa na nyayo."

"Maji kujaa hayakuzifuta?"

"Yangefuta za mbele na kuacha zilizo karibu na maji? Hata mimi niliuliza hivyo."

Alinitolea mpira. Ulikuwa umefungwa ndani ya kanga, umepakwa poda, nao ulikuwa mzito, wenye springi ndani. Niliubonyeza kutafuta nyufa, sikuona. Nilitamani uwe na kasoro, nipate sababu ya kuuacha.

"Chukua," alisema. "Nimechoka kuutunza."

Uliingia bila kukatwa hata inchi. Fundi alikaza klipu, akasimama kando nilipowasha. Mshale wa joto ulipanda hadi katikati ukatulia. Hapo ndipo aliponiambia kwamba, siku ile ya kushusha injini, alikuta grisi mbichi ndani ya matundu.

"Mbichi vipi, na gari limelala miaka?"

"Ndiyo maana sikukwambia."

Wiki iliyofuata niliipeleka pikapu Madimba. Nilijiambia nakwenda kuijaribu barabarani. Yule mkulima alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, ananingoja, ingawa sikuwa nimempigia simu. Uso wake ulikuwa umesawajika.

"Nimesikia mlio tangu kule kwenye kona," alisema. "Hiyo injini umeitoa wapi?"

Nikamweleza habari za lile basi dogo. Akajishika kiuno, akainama kidogo.

"Ni mimi niliyeing'oa nikamuuzia mwenye basi. Ni ya kaka."

Tulikaa kibarazani. Mkewe alituletea chai, hatukuinywa. Baadaye aliniambia kwamba kaka yake hawakumzika, hawakuwa na cha kuzika. Hitma ilisomwa nyumbani, lakini yeye hakuwahi kukanyaga pale gari lilipokutwa.

"Nipeleke," alisema. "Kwa miguu siwezi. Kwa gari hili labda."

Kama ingekuwa hiari yangu nisingekwenda. Tulipakia madumu manne ya maji, tukaondoka muda huo huo, jua likiwa utosini. Tulipofika mwisho wa njia, kwenye mdomo wa Ruvuma, sikuthubutu kuzima injini. Niliiacha ikinguruma, nikamsindikiza hadi karibu na maji. Alifungua viganja akaomba dua, sauti ikimkatikakatika. Mimi ni Mkristo. Niliinamisha kichwa tu. Tuliporudi niligeuka nikaangalia nyayo zetu, kuanzia majini hadi tuliposimama. Nilizihesabu kwa macho, jozi mbili, nikajikuta naharakisha.

Tukaanza safari ya kurudi. Mshale haukusogea, hata kwenye mchanga mzito ambako magari mengi huchemka. Kabla ya kufika kwa yule mama wa mipira, niliona mwenzangu amelala, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo. Nikapunguza mwendo ili mashimo yasimwamshe.