Magamba Yangu na Nyumba ya Baba Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na mkono mzito, na gunzi la mahindi alilishika kama tupa. Tulikuwa Uyole, miaka ya sabini, mwanangu wa kwanza bado ananyonya. Magamba meupe yalikuwa yamenitoka viwikoni na magotini. Mawifi zangu wawili wananikandamiza chini, yeye anasugua, eti uchafu utoke. Gamba likibanduka, chini yake vinachomoza vitone vya damu, vidogo kama ulezi, vingi ajabu. Nilimng'ata wifi mmoja mkono. Nikapigwa teke la mbavu.

"Ukoma huu," mama mkwe akasema. Akamchukua mwanangu, akampeleka nyumba kubwa, ya baba mkwe. Alijua anachofanya, mwanamke yule. Kwetu Wanyakyusa, mke haonani na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anaacha njia. Nyumba ile nisingeweza kuikanyaga. Maziwa yalinijaa mpaka matiti yakawaka moto, nikawa nayakamulia majanini huku nalaani ukoo mzima.

Mume wangu, utingo wa malori ya Iringa, aliporudi safari baada ya wiki tatu alinipeleka hospitali mjini Mbeya. Daktari alinichoma sindano gotini. Nikaruka, nusura nimzabe kofi. Akacheka. Mwenye ukoma hasikii maumivu hivyo, alisema. Kisha akakwangua gamba taratibu, vitone vikatoka.

"Mishipa midogo ya damu imekuotea mingi, imefika karibu kabisa na juu ya ngozi," akaniambia. "Kuna kitu mwilini kinachoiamrisha iote. Kitu gani, bado hatujui. Lakini ugonjwa huu hauambukizi. Kamnyonyeshe mwanao."

Tuliporudi Uyole, mume wangu akaanza kunong'ona mambo ya kikao cha ukoo. Sikumngoja. Niliingia nyumba kubwa mchana kweupe. Baba mkwe alikuwa anakula. Aliponiona alijifunika uso kwa shuka, akatokea mlango wa nyuma mbio. Mama mkwe akanirukia. Nilimtandika mwiko wa ugali mdomoni, jino likamtoka, na mpaka leo sijuti. Nikamnyakua mwanangu.

Nilikaa palepale sakafuni, kanga imelowa damu ya mama mkwe, nikampa titi. Akageuza uso. Nikalisukuma mdomoni, akapiga mayowe, akanyoosha mikono yote miwili kwa bibi yake, aliyekuwa ameegemea ukuta anatema damu.