Sabuni Kwenye Tangi la Dizeli

Niliporudi Shinyanga na stashahada ya ufundi magari, niliyojilipia ada mwenyewe, baba mdogo aliniita Ngokolo nikague lori lake, la mwisho kubaki katika kampuni yake na ndugu zake iliyosomba pamba zamani. Wenye shimo la mgodi huko Nyarugusu walitaka ripoti ya fundi msomi kabla ya kumpa kazi ya kubeba mawe ya dhahabu.

Nikakuta tundu la tangi la dizeli limezibwa kwa sabuni ya mche.

"Hiyo ina miaka minane hapo, mwanangu. Cheti chako kina mingapi?"

"Mitatu ya darasani, baba, na hakivuji."

Kampuni nzima waliiendesha hivyo, kwa sabuni na majigambo, kisha wakashangaa ilipokufa. Nikaandika "halifai". Kazi akapewa mwingine, na mpaka leo baba mdogo haitikii shikamoo yangu.