Tausi wa Labanya Langoni

Labanya Nandi alikuwa na miaka hamsini na ushee aliposhika pasi ya kulehemu kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, kazi yake katika karakana ya mumewe Gourhari ilikuwa ile ya wanawake wote wa mtaa wetu hapa Chandannagar: kukaa barazani na kuvisha globu ndogo karatasi za rangi mpaka vidole vinanata gundi. Sisi wanaume ndio tuliochonga magogo. Gogo la mti linazungushiwa vipande vya shaba, mota inalizungusha. Shaba ikigusa waya, globu zinawaka, ikipita zinazima. Kwa magogo hayo tulifanya samaki waogelee na treni zikimbie juu ya barabara, na watu walitoka mbali kuja kutushangaa. Leo wanayapikia wali. Nimeyaona kwa macho yangu, jikoni kwa watoto wa mafundi.

Gourhari alifariki wakati wa mvua. Sikukuu ya mungu wetu Jagaddhatri ilipokaribia, Tarapada, katibu wa kamati ya mtaa, alikwenda kwa mjane. Tangu nipate akili, taa za lango la banda la sikukuu zilikuwa za karakana ile.

"Shemeji, mwaka huu pumzika," akasema. "Kuna watu wa Kolkata, wanaleta taa zao tayari. Wanachomeka tu."

"Lango ni letu."

"Najua. Ila fundi yuko wapi?"

"Si unaongea naye?"

Tarapada akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Haya. Siku ya kufungua, alasiri, nakuja kutazama. Zisipowaka nawaita Kolkata. Na lango likishatoka mikononi mwenu, shemeji, halitarudi."

Labanya akanunua ukanda wa taa za LED za rangi zote, pamoja na kibao cha kuziamrisha, kidogo kama kiberiti. Alijifunza kwenye simu, kwa video za Kihindi, lugha anayoielewa nusunusu. Nilimwambia wazi kwamba taa hizo ni baridi, zinatoka kwenye boksi, na hazina mkono wa mtu.

"Shemeji," akanijibu bila kuinua kichwa, "kama umekuja kulilia globu, kaa pale ule bisi zako za mchele. Nikikuhitaji nitakuita."

Marehemu aliniita mdogo wake, kwa hiyo kwa mkewe mimi ni shemeji, na shemeji hutukanwa bila kosa.

Kwanza alilehemu waya kwenye ncha isiyo sahihi ya ukanda. Globu zetu hazikuwa na mbele wala nyuma. Ukanda huu umechorwa mshale, na amri inapita kwa kufuata mshale tu. Akaifumua kazi yote, akaanza upya. Vidole vikatoka malengelenge. Akavipaka dawa ya meno, akaendelea. Nimefundisha vijana wenye misuli walioikimbia kazi hii kwa maumivu madogo kuliko hayo.

Alasiri ya siku ya kufungua, tausi wake alikuwa ameegemea ukuta wa karakana, mwili wa mianzi, mkia umejaa taa. Akachomeka adapta mbili, kubwa ya ukanda na ndogo ya kibao. Mkia ukaripuka ovyo: nyeupe, zambarau, giza, nukta nyekundu huku na kule.

"Tausi wako ana degedege," nikasema.

Hakucheka. Alipapasa kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vizima. Akakaa chini.

"Shemeji, nieleze tena lile gogo. Umeme ukitoka kwenye shaba unakwenda kwenye globu. Halafu?"

"Halafu unarudi kwa waya wa pamoja. Usiporudi, hakuna kinachowaka."

Akaweka kidole juu ya waya wa kijani uliotoka kwenye kibao kwenda kwenye ukanda. "Na amri yangu? Inatoka hapa, inafika kule. Inarudi kwa njia gani?"

Nikatazama. Ukanda ulikuwa na waya wake wa kurudi kwenye adapta yake, kibao nacho chake. Kati ya viwili hivyo ulikuwapo ule wa kijani peke yake. Ndivyo tulivyolelewa sote: waya za kurudi za vyanzo viwili hazikutanishwi kamwe. Mtaani kwetu hilo ni sawa na sheria ya dini. Binamu yangu Haradhan alizikutanisha, akafa, tukauchoma mwili wake kando ya mto.

Labanya akachukua kipande cha waya mweusi.

"Usithubutu!"

"Haradhan aliuawa na umeme wa nguzo. Hizi ni volti tano." Akalowesha vidole kwa mate, akashika chanya na hasi za adapta kwa pamoja. "Unaona? Mbu ana nguvu zaidi."

"Umeme ni umeme."

"Basi kaa mbali, wasije wakasema nimeua na shemeji."

Akachomoa adapta zote mbili, akaunganisha hasi na hasi, zile waya mbili za kurudi, akachomeka tena.

Mkia ukajikunjua. Unyoya mmoja, kisha wa pili, bluu ikiyeyuka kuwa kijani, mpaka ukutani pakajaa. Gogo letu lisingeweza kugeuza rangi polepole namna ile. Hakukuwa na mlio wowote kama wa gogo likizunguka, na hilo sijalisamehe. Lakini nilijikuta nimesimama.

Tarapada akaingia, simu sikioni. Akatazama mkia ukifunga na kufunguka. Mtu wa upande wa pili aliendelea kusema haloo, haloo.

"Kaka, msije," Tarapada akamwambia hatimaye. "Lango lina mwenyewe."

Labanya hakungoja pongezi. Alikuwa ameshafika langoni, anawapigia kelele wafunga mianzi: "Nyie mlio juu! Nguzo imepinda, hamwoni? Mnataka nimpandishe amelala ubavu?"

Nikaenda kumshikia ngazi.