Bendera ya Solvej Juu ya Tembo

Asubuhi ile Solvej Damgaard alipanda basi la watoto akiwa na goti jipya la chuma na furaha isiyojificha. Majira yote ya baridi alikuwa nyumbani kwake mjini Silkeborg, mguu umewekwa juu ya kiti, anachungulia dirishani na kuwaonea wivu watu wanaonyeshewa. Jamani, nani anaonea wivu kunyeshewa? Solvej! Tangu ujana wake kazi yake ni kulea watoto wadogo msituni, mvua ije, theluji ije, na ukimlalamikia baridi atakuuliza kwa nini hukuvaa soksi za sufu.

Lakini furaha ile iliingia mchanga mapema. Troels, mkuu wa shule hiyo ya msituni, alikuja kuketi kando yake akaanza kwa sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa.

"Solvej, leo tutatazama tu. Goti likikataa msitu, kule mjini kuna nafasi chumba cha vichanga. Kuna joto, kuna na kiti cha kubembea."

"Kiti cha kubembea kakalie wewe."

Troels akacheka, masikio yakamwiva. Na huyu mkuu, mjue, ndiye yule yule ambaye Solvej alikuwa akimfuta makamasi zamani, msitu huu huu. Haya ndiyo mambo ya dunia: unamfundisha mtu kufunga kamba za viatu, akikua anakuja kukupangia pa kukaa. Solvej alijua Troels hatanii. Leo ndiyo leo.

Waliposhuka msituni, watoto waliotangulia walimvamia na maovaroli yao ya mvua, tope hadi kwenye nyusi.

"Onyesha goti!" akapiga kelele Villads, mtoto ambaye mdomo wake haujui likizo. "Tukiweka sumaku litanasa?"

"Jaribu, uone nitakavyokunasa wewe!"

"Solvej, tumekuwekea bendera!"

Watu wa huku hawana sherehe isiyo na bendera. Hata paka wa jirani akitimiza mwaka, bendera itatoka. Lakini hii haikuwa mezani penye mkate mweusi na maini ya kusaga. Ilikuwa juu ya Tembo. Tembo ni mti mkubwa wa gome laini la kijivu, na watoto ndio waliompa jina hilo. Bendera ya karatasi, nyekundu yenye msalaba mweupe, ilikuwa inapepea kwenye tawi la tatu.

"Nani kaiweka kule?"

"Mimi," akajibu Asta, taratibu.

Asta! Solvej nusura apige kigelegele. Mtoto huyu majira ya majani kupukutika alikwama tawi la kwanza akalia mpaka sauti ikamwisha, na Solvej akasimama chini yake akimwelekeza mguu kwa mguu bila kumgusa. Hiyo ndiyo sheria ya msitu ule, na Solvej ndiye aliyeiweka: hakuna kubebwa. Umepanda mwenyewe, utashuka mwenyewe.

"Basi niletee, mwanangu."

Watoto wakaangua kicheko. "Hakuna kuletewa! Hakuna kubebwa!"

"Solvej, hapana," Troels akasema.

Eh! Ile "hapana" ndiyo iliyompandisha. Alitupa glavu chini, akamkumbatia Tembo, akaweka mguu mzima, akauvuta ule wa chuma. Tawi la kwanza. Watoto wakapiga makofi. La pili, jasho likamtoka. La tatu, akaing'oa bendera, akaibana kwa meno, na msitu mzima ukavuma kwa vifijo. Aliona ziwa kule mbele, aliona maua meupe yametanda ardhi yote, akasikia damu inachemka kama ya msichana. Alikuwa amerudi!

Kisha akatazama chini.

Goti likakaza kama kufuli. Akajaribu kuteremsha mguu, haukwenda. Akajaribu tena, wapi! Troels alishatimua mbio bandani, sasa anarudi na ngazi begani. Solvej akaiona ile ngazi akajua: akishuka kwa ngazi, kesho ni vichanga na kiti cha kubembea. Machozi yakamlengalenga, na alitamani hata kuikubali ngazi.

Troels alipoiweka ngazi chini, Villads akajilaza juu yake.

"Toka hapo, Villads."

"Ngazi ni kubebwa! Sheria ni sheria, hata kwa bibi kizee!"

"Solvej," Asta akaita kutoka shinani. "Usinitazame mimi. Mkumbatie Tembo."

Solvej akajibu kwa meno, bendera mdomoni: "Nimemkumbatia."

"Mguu wako wa chini unasikia nini?"

"Unasikia... kinundu."

"Kizuri?"

"Kizuri."

"Basi kiamini. Sasa ule mwingine."

"Goti linauma, Asta!"

"Kuuma si kukataa. Si uliniambia mwenyewe siku ile nilipokwama? Likikataa utalisikia."

Solvej akafumba macho. Akalisikiliza lile goti, kweli akalisikiliza. Lilikuwa linapiga kelele, lakini kukataa halijakataa. Mguu ukashuka kidogo. Asta akaendelea kuuliza, Solvej akaendelea kujibu, tawi la pili, la kwanza, hadi buti zikazama topeni chwaa! Watoto wakamrukia wote, wakaanguka naye chini, na Villads akawa wa kwanza kuligonga goti asikie kama linalia.

Troels alibaki amesimama, mkono kwenye ngazi, macho mekundu.

"Na mimi uliniambia hivyo hivyo," akasema. "Tawi lile lile. Goti vipi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Solvej. Lakini Asta alikuwa anamtazama.

"Linauma vibaya," Solvej akasema.

"Limekataa?"

"Halijakataa."

Troels akaiinua ngazi. "Villads, shika upande huo, tuirudishe bandani."

Asta akaichukua bendera mdomoni mwa Solvej, akaifuta tope kwa kiganja, akamwangalia Tembo kuanzia shinani hadi kileleni.

"Kesho naiweka tawi la nne," akasema.