Vasiti na Birika Lililobonyea

Vasiti hakuwa mtu wa penseli. Alikuwa msusi wa mikeka, mjane, mcheshi, na ukimtafuta asubuhi hapa mjini kwetu Levuka ulimkuta barazani na chai yake ya majani ya mlimau. Chai hiyo aliipika kwenye birika la samawati aliloachiwa na mama mkwe, na birika hilo ndilo lililomponza.

Wifi yake Losana alipiga simu kutoka Suva, mji mkuu. "Wifi, mwisho wa mwezi nakuja. Lile birika la mama nalitaka."

"Njoo ulichukue," Vasiti akajibu kwa sauti tamu kabisa. Angesema nini? Kwetu ndugu akiomba kitu, unatoa, tena unatabasamu. Ukikataa watakusema wewe na wajukuu zako. Lakini simu ilipokatika alilia, maana kila asubuhi tangu aolewe mikono yake ilikuwa ikilishika birika lile.

Basi akaenda ukumbi wa kanisa, ambako mzee Narayan, mchoraji mstaafu wa mabango ya maduka, alifundisha kuchora kila Jumanne. Akaliweka birika mezani.

"Mwalimu, nataka libaki kwangu, japo kwenye karatasi. Lenyewe hasa, si ndugu yake."

Weee, kumbe kazi! Birika la kwanza lilitoka kama bata aliyevimbiwa. Narayan akamfundisha kunyoosha mkono, kufumba jicho moja na kupima kwa penseli: mdomo unaanzia wapi, tumbo limezidi kimo au limepungua. Vasiti akanogewa, akauhamishia mchezo nyumbani. Akapima minazi, akapima kuku. Akampima mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akipita njiani, naye, kwa kuona mjane kamkonyeza, akaanza kupita pale kila siku na shati lililopigwa pasi. Mtaa mzima ulicheka, na Vasiti ndiye aliyecheka zaidi.

Birika likazidi kufanana, lakini Narayan bado hakuridhika. "Zuri. La nani hili?"

"La mama mkwe."

"Hapana, mama. Hili la dukani. La mama mkwe limebonyea ubavuni na rangi imebanduka mdomoni. Hayo huyaoni?"

"Nayaona sana." Vasiti akashusha sauti. "Lakini mwenyewe yuko kaburini, mwalimu. Nitaanikaje ubovu wa kitu chake mbele za watu? Si adabu."

"Nani alilibonyeza?"

"Yeye. Alimrushia marehemu mume wangu siku aliposema anataka kunioa mimi."

Narayan akacheka mpaka akavua miwani. "Na siku hiyo ndiyo unayotaka kuificha?"

 Vasiti akafuta ule ubavu laini, akaanza upya, safari hii akifuata kivuli pale bati lilipoingia ndani. Alipomaliza aliangalia karatasi, akaangalia birika, akaona ni lenyewe hasa.

Losana alifika Jumamosi. Birika lilikuwa limeshafungwa kwenye kanga, tayari kwa safari, na picha iko ukutani. Losana hakuligusa birika. Alisimama mbele ya picha, akapitisha kidole pale palipobonyea.

"Kaka aliinama," akasema. "Mimi nilikuwa nyuma yake. Lilinikosa kidogo tu." Akacheka, akajifuta macho. "Wifi, nipe hii."

"Na birika?"

"Baki nalo. Mimi chai yangu naipika kwa birika la umeme. Nilikuwa namtaka mama, na mama yuko hapa."

Vasiti angeruka kwa furaha, lakini moyo ulimchoma, maana picha ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani kumnyima ndugu kitu. Akaitungua picha, akampa, akatabasamu. Kisha akavuta karatasi mpya, akachonga penseli.

"Kaa hapo kwenye mwanga, wifi, usitikisike." Akanyoosha mkono, akafumba jicho moja. "Na hiyo pua naiweka kama ilivyo."