Dua Ambayo Bibi Hakuisoma

Miaka ile nilipokuwa mtoto, huko milimani juu ya Mkuyuni, watu walianza kumwogopa bibi yangu kwa sababu ya harufu. Kila Alhamisi jua likikaribia kuzama alitia makaa kwenye chetezo, akadondoshea vipande vya udi, akaketi kwenye mkeka na kumsomea marehemu babu sura ya Yasini. Moshi ulipenya kwenye nyufa za ukuta, ukapita migombani, ukawafikia majirani waliokuwa wakichambua maharage uani kwao.

"Anawaita," walisema. Hawakusema anawaita nani, na hakuna aliyeuliza.

Kijiji chetu kilikuwa cha Wakatoliki karibu watupu. Bibi mwenyewe alizaliwa humo humo, akabatizwa Maria. Alipoolewa na babu, mchuuzi wa ndizi huko chini Mkuyuni, alisilimu akaitwa Mwanahawa. Mama yangu naye alisoma madrasa utotoni, kisha akaolewa na baba huku juu na kubatizwa. Kwetu Waluguru jambo hilo halimshangazi mtu. Dini hufuata ndoa, ukoo hufuata mama. Kwa hiyo babu alipofariki na Bibi akarudi mlimani, hakuja kama mgeni. Alirudi kwenye shamba la ukoo wake, penye makaburi ya mama zake.

Ila alirudi na mkeka wa kusalia, birika la kutawadhia na kile chetezo. Watoto wenzangu shuleni wakawa wananiuliza kama ni kweli jini la bibi yangu linakula halua na kunywa marashi. Wengine walisema Waislamu wanaabudu mwezi, ndiyo maana wanautafuta angani kwa hamu vile. Nilimpelekea Bibi habari zote hizo, naye alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwezi ni kalenda, Kadia. Mbona hata Pasaka yenu inafuata mwezi? Muulize katekista wako."

"Na majini?"

"Majini yapo, yametajwa kwenye Kitabu. Ni viumbe vya Mungu kama sisi. Lakini mimi kuku tu wananishinda kufuga, nitaliweza jini?"

Mtu mmoja hakumwogopa hata kidogo. Huyo alikuwa Bibi Yusta, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, aliyecheza naye tangu wakiwa wadogo wa kuchota maji. Kijiji kizima ni yeye peke yake aliyeendelea kumwita Maria. Alikuja hata siku za Alhamisi, akakaa kando ya mkeka na rozari yake mkononi, kila mmoja akinong'ona ya kwake. Nikiwaona vile nilidhani dunia nzima ndivyo ilivyo.

Kisha nguruwe wa Mzee Polikarpi akaibwa.

Alikuwa nguruwe jike mnene, aliyekuwa akimtunza kwa ajili ya harusi ya binti yake. Asubuhi moja walikuta banda wazi na damu kwenye majani ya magimbi. Mchana wake Mzee Polikarpi alikuja kwetu, akavua kofia, akaketi kwenye kigogo. Bibi alikuwa anapepeta mchele. Mimi nilikuwa karibu yake nikiokota chuya.

"Nimekuja tusaidiane, mama. Nataka unisomee albadiri."

Bibi aliacha kupepeta. "Nikusomee nini?"

"Albadiri. Huyo mwizi avimbe tumbo, apasuke. Watu wote wanajua nyie Waislamu mnayo hiyo."

Nilimwona Bibi akijitahidi asicheke. "Polikarpi, nikamsomee Mungu habari za nguruwe?"

Mzee hakucheka. Basi Bibi akaweka ungo chini, akazungumza naye kwa upole kama mtu anavyozungumza na mgonjwa. Alimwambia kwamba watu wa Badri walikuwa masahaba wa Mtume, watu wenye njaa na hofu kama sisi, waliosimama vitani wakiwa wachache na wengine wakafia pale. Wapo wanaowataja majina yao katika dua kwa heshima. Wapo pia wanaoyageuza majina hayo kuwa silaha ya kuwatisha wezi, na mumewe, aliyekuwa mtu wa msikitini, alikuwa akikasirishwa sana na jambo hilo.

"Dua ni ombi," alisema. "Ukimwomba Mungu aue, yeye si mtumwa wako. Mimi sisomi."

Mzee Polikarpi alivaa kofia yake. Nadhani hakusikia hata neno moja. Alichosikia ni kwamba Bibi anajivuta. Na kwa kuwa alitaka mwizi wake apatikane, alikwenda kilabuni jioni ile ile akatangaza kwamba Mwanahawa amekubali, ameshaanza kusoma, na aliyekula nyama ile ajiandae kuvimba tumbo na kupasuka. Alitaka kutisha tu. Nimefikiria sana miaka hii, na siamini kwamba alikusudia lolote zaidi ya hilo.

Habari ilipomfikia mama, alitaka kwenda kuikanusha njia nzima. Bibi alimzuia. "Ukikanusha watasema unaficha. Yataisha yenyewe."

Hayakuisha. Kabla wiki haijapita, Anselimu, mtoto wa mwisho wa Bibi Yusta, akaugua tumbo.

Anselimu alikuwa kijana mchangamfu, mlimaji hodari wa kabichi, mwenye kuimba besi kwenye kwaya. Maumivu yalimwanzia kwenye kitovu, yakateremka kulia, akaanza kutapika na kuchemka mwili. Mtu mwingine angebebwa siku ile ile hadi barabarani. Lakini yeye alijua jambo ambalo mama yake hakulijua: alikuwemo katika wizi ule. Wenzake walimpa paja moja la yule nguruwe kwa kazi ya kushika tochi. Tumbo lilipoanza kukaza, hakuwa na shaka limetoka wapi.

"Hii si ya hospitali," alimwambia mama yake. "Wakinidunga sindano nitakufa hapo hapo. Mwambie Bibi Mwanahawa anifungue."

Watu wazima waliokuwa pale walimuunga mkono. Wote waliwahi kusikia kisa cha mtu wa albadiri aliyedungwa sindano akafa. Hakuna aliyewahi kumwona.

Siku ya tatu asubuhi Bibi Yusta alivuka kijito, bila kitambaa kichwani. Sijawahi kumwona vile.

"Maria, mwanangu alikosa. Tutalipa. Mfungue."

"Yusta, wallahi sijasoma kitu. Huyo ni mgonjwa. Mpelekeni Morogoro sasa hivi."

"Hataki. Anasema mpaka umfungue."

"Nimfungue nini nisichokifunga?"

Bibi Yusta alipiga magoti kwenye majivu, pale pale penye mafiga. Rafiki wa miaka yote, na alikuwa anamwangalia Bibi kwa macho ambayo watoto wa shule walikuwa wakikiangalia nayo chetezo. Nadhani hilo ndilo lililomuuma Bibi kuliko maneno yenyewe. Alimwinua, akamwambia atangulie, anakuja.

Mama alimshika mkono mlangoni. "Mama, ukienda kumsomea, watasema kweli ulikuwa umemfunga. Hutaweza kuishi hapa tena."

"Najua."

"Basi usiende. Waende wenyewe hospitali."

"Hawaendi, Zaina." Alimwita kwa jina la kabla ya ubatizo. "Akifia mle ndani nitabaki na jina safi. Nitalifanyia nini?"

Alitawadha, akajitanda, akavuka kijito. Mimi nilimfuata, na hakuna aliyenirudisha.

Ndani kwa Bibi Yusta palijaa watu. Walimpisha Bibi kama anavyopishwa mbeba maji ya moto. Anselimu alikuwa amejikunja ubavuni, midomo imekauka. Bibi aliligusa tumbo kwa vidole viwili, na uso wake ukabadilika. Lilikuwa gumu kama ubao. Akaketi, akanyanyua mikono, akasoma Fatiha kwa sauti ili kila mtu asikie, akasoma Ayatul Kursi, kisha akaomba kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kiluguru, lugha waliyoielewa wote: Mungu mwenye kuponya, mponye mtoto wetu huyu. Hakuomba kingine.

"Nimemaliza," alimwambia. "Hakuna kitu kinachokushika, mwanangu. Sasa nenda hospitali."

Anselimu alilia kama mtoto mdogo. Akakubali. Wanaume wakafunga machela kwa mianzi na mablanketi, wakaanza kuteremka naye kwa zamu kwenye ile njia ya utelezi hadi kwenye gari Mkuyuni. Nilisimama na Bibi ukingoni tukiwaangalia wakipotea kwenye migomba. Alikuwa bado ananong'ona.

Anselimu alifariki usiku ule mjini. Daktari aliwaambia ni kidole tumbo, kilikuwa kimeshapasuka, usaha umesambaa tumboni. Wangemleta mapema, alisema. Maneno hayo yalipanda mlima pamoja na maiti, lakini hayakufika. Njiani yalikutana na maneno mengine yaliyokuwa yameshasambaa: kwamba Mwanahawa alisema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mashahidi, *nimemaliza*. Tumbo lilivimba, likapasuka. Si ndivyo Mzee Polikarpi alivyosema litafanya?

Msibani Bibi alikwenda. Mama alimsihi asiende, lakini kwetu mtu haachi kwenda kwenye msiba wa jirani yake. Alipoketi, wanawake wa kwenye mkeka ule walijisogeza mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake na mama na mimi. Bibi Yusta alikuwa amelala ubavu katikati ya waombolezaji, amefungwa kibwebwe. Alinyanyua kichwa.

"Mwanahawa," alisema. "Nenda nyumbani kwako."

Bibi aliinuka. Sikuwahi kumsikia mtu akitajwa kwa jina lake mwenyewe na likamwumiza kiasi kile. Mama alimtafuta Mzee Polikarpi kwa macho miongoni mwa wanaume. Alikuwepo, ameinamia kofia yake magotini, akiigeuza na kuigeuza. Hakuwahi kusema, siku ile wala baadaye, kwamba yale ya kilabuni aliyatunga yeye.

Hakuna aliyemfukuza Bibi. Mjomba wa mama, mdogo wake Bibi aliyekuwa msimamizi wa mambo ya ukoo, alikuja tu akasema ingekuwa vizuri dada apumzike chini kidogo, hadi watu wasahau. Bibi alifunga mkeka na chetezo kwenye kanga, akateremka Mkuyuni kwa jamaa za mumewe.

Huko nako hakupata alichotafuta. Shemeji yake alimpokea kwa furaha, na Jumamosi moja tulipomtembelea nilimsikia akimwambia, "Waache wakuogope, shemeji. Wakituogopa ndipo watakapotuheshimu."

"Huo si Uislamu," Bibi alimjibu. "Huo ni woga umevaa kanzu."

Shemeji alicheka, akadhani ni utani. Bibi akaacha kuchoma udi. Tulipomuuliza alisema kifua kinambana. Alikufa nikiwa sekondari, akazikwa siku ile ile kabla ya alasiri, na kutoka kijijini alikozaliwa walikuja watu wachache sana.

Kesho yake Bibi Yusta alifika. Alikuwa ameteremka mlima kwa miguu, amezeeka, na viatu amevibeba mkononi. Alikaa na mama na mimi kwenye mkeka wa msiba, akakataa chai. Kisha akauliza, akiangalia chini, "Alisoma?"

Mama alimjibu bila hasira. "Mama Anselimu, alisoma Fatiha. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo." Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. "Najua hakusoma. Nilijua hata siku ile ya msiba. Daktari aliniambia mimi mwenyewe: mngemleta mapema. Sasa kama Maria hakusoma, ni nani aliyemweka mwanangu ndani mpaka tumbo likapasuka? Ningekaa na nani mle ndani, nikijua hivyo?"

Mama alimkumbatia. Walilia pamoja, na mimi nilitoka nje kwa sababu sikuweza kuwaangalia.

Sasa naishi Morogoro mjini, nafundisha, nina watoto wanaokwenda kanisani na wajomba wanaokwenda msikitini. Juzi juzi kwenye kundi letu la simu la ukoo mtu aliibiwa pikipiki akaandika kwamba atamsomea mwizi albadiri, na watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Walicheka Wakristo na Waislamu pamoja. Nilianza kuandika kitu, nikafuta.

Zamani nilidhani watu wale walikosea kwa kutojua tu, na kwamba wangefundishwa vizuri yangekwisha. Siamini tena hivyo. Bibi aliwafundisha vizuri, kwa lugha yao, uani kwake. Lakini uongo ule ulikuwa unamsaidia kila mtu. Ulimlindia Polikarpi banda lake, ulimpa Anselimu sababu ya kuogopa sindano, na ulimpa shemeji wa Mkuyuni heshima ya bure. Bibi Yusta ulimbebea mzigo ambao mama yeyote usingemwacha hai. Ni Bibi peke yake ambaye haukumpa chochote, naye ndiye aliyeulipia. Nimejaribu kumchukia Bibi Yusta na nimeshindwa.

Kisa hiki huwa nakisimulia, kwa walimu wenzangu, kwa mashemeji, kwa yeyote ninayemsikia akisema Waislamu hivi, Waislamu vile. Wananisikiliza vizuri, wengine wanatokwa na machozi. Na karibu kila mara, nikishamaliza, mmoja wao hunisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini: lakini kweli hakusoma?

Namjibu kwamba hakusoma. Anaitikia kwa kichwa, na machoni mwake naona hajaniamini.